Mwanafunzi wa upishi anapoigeukia zabibu, mkulima anafaidika nini?

Na Mwandishi Wetu

NENO mchuzi lina maana mbili katika nchi hii, kutegemea umesimama wapi. Jikoni, mchuzi ni ule unaomwagwa juu ya wali. Dodoma, ukiwakuta wakulima wa zabibu wakizungumza biashara, mchuzi ni maji ya zabibu zilizokamuliwa na kuchachushwa, yanayouzwa kwa lita kwa viwanda vinavyomalizia kazi na kujaza chupa.

Kati ya michuzi hiyo miwili kuna pengo kubwa. Anayepika hotelini mara nyingi hajui zabibu ya Dodoma inalimwaje, na anayelima hajui mpishi anatafuta nini ndani ya chupa. Matokeo yake kila mmoja analalamika upande wake. Mkulima analia na soko, na mwenye hoteli anaagiza chupa kutoka Afrika Kusini, Italia au Ufaransa.

Wapo vijana wanaoweza kuliziba pengo hilo. Ni wale wanaoingia chuoni kusomea upishi, wakakutana na mvinyo kama kiungo tu, kisha wakajikuta wanataka kujua zaidi: umetengenezwaje, kwa zabibu gani, na kwa nini chupa moja inapendeza na nyingine inakwaruza koo. Makala haya yanaifuata hamu hiyo kutoka jikoni hadi shambani, kwa sababu njiani kuna mambo ambayo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanapaswa kuyajua.

Mvinyo unaingilia jikoni

Mwanafunzi wa upishi hafundishwi kunywa. Anakutana na mvinyo kwanza kwenye sufuria. Nyama ikishakaangwa, sehemu tamu kuliko zote hubaki imegandia chini. Mpishi humwaga mvinyo kidogo, akakwangua kwa mwiko, na ule ukoko wa kahawia ukayeyuka na kuwa mwanzo wa mchuzi. Vyakula vya Kifaransa vinavyofundishwa katika vyuo vingi duniani, kama nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole katika mvinyo mwekundu au kuku wa mvinyo, vimejengwa juu ya kazi hiyo moja.

Hapo ndipo swali la kwanza linapozuka. Kwa nini mchuzi wa jana ulikuwa mtamu na wa leo ni mchungu, wakati mapishi ni yale yale? Jibu liko kwenye chupa. Mvinyo ukichemka, maji hupungua na kila kilichomo hukolea. Kama ulikuwa mchachu, mchuzi utakuwa mchachu zaidi. Kama ulikuwa na sukari nyingi, utageuka kama asali. Mpishi asiyeujua mvinyo wake anapika kwa kubahatisha.

Somo la pili ni la uaminifu kwa mteja. Watu wengi huamini kwamba kilevi chote huisha chakula kikichemka. Si kweli. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, linalotumiwa na wapishi wengi, linaonyesha kwamba chakula kilichochemshwa na mvinyo kwa dakika 15 hubaki na takriban asilimia 40 ya kilevi kilichotiwa. Baada ya saa moja hubaki asilimia 25, na hata baada ya saa mbili hubaki asilimia 10. Chakula kilichowashwa moto juu yake ili kupendeza macho hubaki na asilimia 75.

Katika nchi ambayo wateja wengi hawagusi kilevi kwa sababu ya dini au afya, hilo si jambo dogo. Mwenye mgahawa anayeandika wazi kwenye orodha ya vyakula kwamba mchuzi fulani una mvinyo anamheshimu mteja, na mteja aliyeheshimiwa hurudi.

Kutoka kuonja hadi kuuliza

Baada ya sufuria inakuja kazi ya kuonja. Hapa lugha yetu inatosha kabisa. Mwonjaji hutafuta mambo manne makuu: utamu, uchachu, ukakasi na ukali wa kilevi. Utamu hauhitaji maelezo. Uchachu ni ule wa ukwaju au ndimu, unaoleta mate mdomoni. Ukakasi ni ule unaokausha ulimi kama unapotafuna bibo la korosho au ndizi mbichi. Kilevi hukitambua kwa joto kooni.

Mwanafunzi akishayatenganisha hayo manne, anaanza kuelewa kwa nini chakula na kinywaji hupatana au hugombana. Nyama choma yenye mafuta hupatana na mvinyo mwekundu wenye ukakasi, kwa sababu mafuta na nyama hulainisha ukakasi huo, na ukakasi nao huusafisha mdomo. Samaki wa kukaanga hupenda mvinyo mweupe wenye uchachu, kama vile anavyopenda ndimu. Pilipili nyingi hugombana na kilevi kingi, maana moto huongezwa juu ya moto. Samaki wa kupaka mwenye tui zito huvumilia mvinyo mweupe wenye utamu kidogo.

Kisha anafika kwenye swali kubwa. Uchachu huu ulitoka wapi? Ukakasi huu uliingiaje? Mwalimu anaweza kumjibu ubaoni, lakini jibu lenyewe liko shambani. Uchachu na sukari vimo ndani ya maji ya tunda. Rangi na ukakasi vimo katika ganda na mbegu. Mtengenezaji anaweza kulinda alichopewa na shamba, na anaweza kukiharibu, lakini zabibu mbovu haigeuki kuwa mvinyo mzuri kwa ufundi wa kiwandani.

Dodoma ina kitu gani?

Mwanafunzi wa Tanzania ana bahati ambayo wenzake wa nchi nyingi za joto hawana. Shamba liko nyumbani. Mizabibu ya Dodoma ina historia inayoanzia kwa wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, walioipanda Misheni ya Bihawana mwishoni mwa miaka ya 1950 wakitaka mvinyo wa misa. Kilimo kikasambaa kwa wanavijiji, na leo mizabibu inaonekana Mpunguzi, Mbabala, Hombolo, Chamwino na maeneo mengine ya mkoa huo.

Historia hiyo ina kovu. Kiwanda cha umma kilichojulikana kama DOWICO, kilichokuwa mnunuzi mkuu, kilisimama katika miaka ya 1990. Wakulima waliokuwa wamemtegemea mnunuzi mmoja wakabaki na matunda yasiyo na pa kwenda, na wengine wakaitelekeza mizabibu. Baadaye vilikuja viwanda binafsi, kikiwamo CETAWICO kule Hombolo, na Tanzania Distilleries ikawa mnunuzi mkubwa wa malighafi ya mvinyo wake. Somo la miaka ile halijafutika: mkulima mwenye mlango mmoja wa kuuzia analala kwa hofu.

Kwa upande wa hali ya hewa, Dodoma ina neema yake. Iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua zake ni chache na huja kwa msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, kisha kunakuwa na miezi mirefu ya jua kavu. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haulali. Mkulima akipogolea, unachipua upya, na baada ya miezi kama minne kuna matunda. Ndiyo maana huko huvunwa mara mbili, karibu na Machi na tena Agosti na Septemba.

Mavuno hayo mawili hayafanani. Ya Machi hukutana na unyevu wa masika, na hapo magonjwa ya ukungu kama ubwiri unga na ubwiri vinyoya husumbua, na maji mengi hupunguza utamu. Ya Agosti na Septemba huiva katika jua kavu, na sukari hupanda vizuri zaidi. Mwanafunzi akionja mvinyo wa misimu hiyo miwili anaweza kuitofautisha, na mkulima naye anapaswa kuijua tofauti hiyo anapopanga bei.

Kuhusu aina, mbili ndizo maarufu. Zabibu nyekundu inaitwa Makutupora, jina la eneo lililoko kaskazini ya jiji la Dodoma, ambako pia kuna kituo cha utafiti wa zabibu cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Nyeupe ni Chenin Blanc, yenye asili ya Ufaransa na inayolimwa kwa wingi mno Afrika Kusini. Chenin Blanc inasifika kwa kushikilia uchachu wake hata kwenye joto, sifa ambayo mpishi wa samaki anaitafuta.

Hamira ile ile, kazi nyingine

Kwa mwanafunzi aliyekwisha kukanda maandazi, utengenezaji wa mvinyo si uchawi. Ni hamira inayokula sukari. Katika unga, hamira hutoa hewa inayoumua donge. Katika maji ya zabibu, hutoa hewa hiyo hiyo pamoja na kilevi. Mwanasayansi wa Kifaransa Louis Pasteur ndiye aliyethibitisha katika karne ya 19 kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai wadogo, na mwaka 1866 alichapisha kitabu kizima kuhusu mvinyo na magonjwa yake.

Hatua zenyewe ni hizi. Zabibu huchambuliwa, zilizooza zikatupwa. Vikonyo huondolewa kwa sababu vina uchungu. Kisha hupondwa. Kama unataka mvinyo mwekundu, maji huachwa yachachuke pamoja na maganda kwa siku kadhaa ili yachukue rangi na ukakasi. Kama unataka mweupe, maji hukamuliwa na kutengwa na maganda mapema. Mwekundu huchachuka vizuri kwenye nyuzi joto 25 hadi 30. Mweupe hutaka ubaridi wa nyuzi 12 hadi 18 ili harufu yake nzuri isiruke.

Hapo ndipo joto letu linapoleta gharama. Kuchachuka kwenyewe huzalisha joto. Tangi lisilopozwa linaweza kupanda mpaka hamira ikafa kabla sukari haijaisha, na mvinyo ukabaki nusu njia, mwepesi kushambuliwa na vijidudu.

Adui wa pili ni hewa. Mvinyo uliomaliza kuchachuka ukiachwa wazi, bakteria hugeuza kilevi kuwa siki. Ndiyo maana chombo hujazwa mpaka juu na kufungwa, na watengenezaji hutumia salfaiti kwa kipimo kidogo kinachoruhusiwa.

Adui wa tatu ni chombo chenyewe. Mwanafunzi wa upishi anajua kwamba nyanya zikilazwa kwenye sufuria ya chuma hubadilika ladha. Zabibu ni vivyo hivyo. Pipa la chuma lililokuwa na mafuta au kemikali halifai hata likisuguliwa kwa wiki nzima. Kinachofaa ni plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula au chuma kisichoshika kutu.

Mkulima anapotezea wapi?

Turudi shambani sasa, maana huko ndiko fedha inakoanza kupotea. Kuna jambo moja ambalo kila mpishi anapaswa kulijua kuhusu matunda. Ndizi, embe na parachichi huendelea kuiva baada ya kukatwa. Zabibu haiendelei. Ikikatwa ikiwa chachu, itabaki chachu mpaka ioze. Haiongezi hata chembe moja ya sukari ikiwa kikapuni.

Mkulima anayevuna mapema kwa sababu ana shida ya ada ya shule, au kwa sababu jirani ameanza kuvuna, anauza sukari ambayo haijaja. Na katika biashara ya mvinyo sukari ndiyo kilevi cha kesho. Kipimo chake huitwa Briksi, na husomwa kwa kifaa kidogo cha mkononi, rifraktomita. Unaweka tone la maji ya zabibu, unaangalia kwenye mwanga, unasoma namba.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha namba ya Briksi kwa 0.55 upate takriban asilimia ya kilevi. Zabibu yenye Briksi 22 itatoa mvinyo wa asilimia kama 12. Yenye Briksi 17 itatoa asilimia 9 hivi, kiwango dhaifu kisichohifadhika vizuri, na mtengenezaji atalazimika kuongeza sukari kama sheria na mnunuzi wake vinaruhusu. Kundi la wakulima 20 likichangia kifaa kimoja, hakuna mnunuzi atakayewaambia kwamba zabibu zao hazijafika wakati zimefika.

Jambo la pili ni dawa. Salfa husaidia dhidi ya ubwiri unga, lakini ikipuliziwa karibu na mavuno hubaki kwenye ganda, na hamira huigeuza kuwa harufu ya yai viza. Mtengenezaji akikutana na harufu hiyo, jina la shamba lililoileta hukumbukwa. Muda wa kusubiri kabla ya kuvuna umeandikwa kwenye lebo ya dawa. Usomwe.

Jambo la tatu ni muda. Zabibu iliyovunwa haisubiri. Juani, ndani ya magunia, hupasuka na kuanza kuchachuka yenyewe. Vuna alfajiri, tumia kreti za plastiki zisizo na kina kirefu, weka kivulini, na hakikisha mnunuzi yuko tayari kabla ya mkasi kugusa kikonyo. Wakulima wengi huvuna kwa wakati mmoja, na matangi ya viwanda yana ukomo. Yakijaa, bei huanguka, na aliyekuwa na mazungumzo ya awali na mnunuzi ndiye anayeokoka.

Wapo waliojibu tatizo hilo kwa kukamua wenyewe na kuuza mchuzi badala ya tunda. Ni hatua nzuri, kwa sababu mchuzi uliotunzwa unaweza kusubiri wiki na miezi ambayo tunda haliwezi. Lakini mchuzi nao una mlango mwembamba. Anayeunuliwa na kiwanda kikubwa kimoja tu amehamisha tatizo kutoka kikapuni hadi kwenye tangi. Hapo ndipo hoteli, migahawa na yule kijana wa upishi wanapoanza kuwa na maana.

Hesabu ya chupa

Kilo 100 za zabibu hutoa lita 60 hadi 70 za mvinyo. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Kwa hiyo kilo 100 hutoa chupa 80 hadi 93, na chupa moja imebeba zabibu kilo moja na kidogo. Mkulima achukue bei aliyouzia kilo moja, ailinganishe na bei ya chupa dukani. Tofauti hiyo humfanya mtu ashike kichwa.

Lakini tusidanganyane. Tofauti yote hiyo si faida. Ndani yake kuna chupa, kizibo, lebo, hamira, umeme wa kupoza, usafiri, vipimo vya maabara, leseni, ushuru na mvinyo ulioharibika. Jambo la kutia moyo ni kwamba sheria ya ushuru wa bidhaa nchini imeweka kiwango cha chini kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zilizolimwa hapa hapa, kuliko ule unaotoka nje. Mlango huo umewekwa kwa ajili ya zabibu ya nyumbani.

Kwa mwenye duka au grosari, hesabu nyingine ni ya utunzaji. Chupa iliyosimamishwa dirishani juani wiki sita imeshapikwa, hata kama kizibo hakijafunguliwa. Weka mahali penye giza na ubaridi. Yenye kizibo cha gome ilazwe ili kizibo kisikauke na kuingiza hewa. Mweupe uuzwe baridi, nyuzi 8 hadi 12. Mwekundu nao usinywewe kwenye joto la Dar es Salaam. Nyuzi 15 hadi 18 ndizo zake, kwa hiyo nusu saa ndani ya friji si dhambi. Chupa iliyofunguliwa itumike ndani ya siku tatu hadi tano, ikiwa kwenye friji na imefungwa. Zaidi ya hapo iende jikoni, na ikichachuka kabisa itengenezwe siki ya kachumbari.

Waliotoka jikoni wakafika mbali

Je, kijana anayeanzia kwenye sufuria anaweza kweli kufika kwenye shamba na chupa yenye jina lake? Kusini mwa Afrika wapo waliofanya hivyo.

Mwaka 2017 vijana wanne wa Zimbabwe waliokuwa wakifanya kazi katika migahawa ya Afrika Kusini waliunda timu ya nchi yao na kwenda Ufaransa kwenye mashindano ya dunia ya kuutambua mvinyo kwa kuonja bila kuona chupa. Ni Joseph Dhafana, Tinashe Nyamudoka, Marlvin Gwese na Pardon Taguzu. Wote walikuwa wameondoka kwao kutafuta maisha. Dhafana alianzia kazi za chini kabisa za mgahawa. Habari zao zilitengenezewa filamu mwaka 2021. Nyamudoka leo ana mvinyo wake mwenyewe aliouita Kumusha, neno la Kishona lenye maana ya nyumbani.

Mwingine ni Ntsiki Biyela wa KwaZulu-Natal. Alikuwa hajawahi kuonja mvinyo alipopata ufadhili wa kusomea utengenezaji wake katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch mwaka 1999. Alihitimu, akafanya kazi kwa mwajiri kwa miaka kadhaa, na mwaka 2016 akaanzisha kampuni yake, Aslina, jina la bibi yake aliyemlea.

Hawa hawakuzaliwa na mashamba ya mizabibu. Walikutana na mvinyo kazini au darasani, wakauliza maswali, wakajifunza kwa mpangilio. Na walipoanza kuuza, walikuwa tayari wanawajua wanunuzi, kwa sababu walikuwa wamewahudumia mezani au kufanya kazi nao kwa miaka.

Faida hiyo ndiyo mkulima wa Dodoma anaikosa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, hoteli, kumbi na migahawa vimeongezeka katika jiji hilo. Wateja wanalala kilomita chache kutoka kwenye mizabibu. Mpishi au mhudumu anayeweza kumwambia mgeni kwamba mvinyo huu umetoka kijiji fulani, na kwamba unafaa na mbuzi wa kuchoma aliyeagiza, ni muuzaji ambaye mkulima hamlipi mshahara.

Si mvinyo peke yake

Msomaji ambaye imani yake haimruhusu kugusa kilevi asiifunge kurasa hii. Jicho la mpishi linaona bidhaa nyingine kwenye mzabibu ule ule. Kuna zabibu kavu, ambazo waokaji wa keki na wapika pilau na biriani huzinunua kila siku, nyingi zikiwa zimetoka nje. Kuna juisi iliyochemshwa na kufungwa kabla hamira haijaanza kazi. Kuna jamu na jeli.

Kuna hata majani. Uturuki, Ugiriki na Lebanoni majani machanga ya mzabibu hufungiwa wali na nyama, na ni chakula cha heshima. Wakati wa kupogolea, mkulima wetu huyatupa au huwapa mbuzi. Hoteli inayopika vyakula vya Mashariki ya Kati inaweza kuyataka, kwa sharti moja lisilo na mjadala: yawe hayajapuliziwa dawa. Hiyo ina maana ya kutenga mistari michache kwa kazi hiyo tangu mwanzo.

Wa kuanza aanzie wapi?

Kwa anayetaka kuuza kinywaji au chakula cha kusindika, sheria haina njia ya mkato. Ubora wa bidhaa uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 limechukua pia kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa ya TFDA. Wajasiriamali wadogo hupitia SIDO, ambako pia hupata mafunzo ya usindikaji. Mvinyo unahitaji leseni ya vileo, na hauuzwi kwa aliye chini ya miaka 18. Kutengeneza ndoo mbili nyumbani kwa kujifunza ni jambo moja. Kuzipeleka sokoni bila alama ni kujitafutia kesi na kuwahatarisha watu.

Kwa mwanafunzi, ushauri ni kuomba mafunzo kwa vitendo nje ya jiko angalau kwa wiki chache za mavuno. Ashike mkasi, apime Briksi, aoshe matangi. Kazi kubwa ya kiwanda cha mvinyo ni kuosha, na anayelijua hilo mapema hatakata tamaa baadaye. Aandike kila anachoonja: tarehe, aina, msimu, uchachu, ukakasi.

Kwa mkulima, ushauri ni kuwaalika. Kikundi kinaweza kuandika barua kwa chuo cha hoteli kilicho karibu na kukaribisha darasa moja siku ya mavuno. Gharama yake ni chakula cha mchana na vishada vichache vya kuonja. Miaka mitatu baadaye mmoja wa vijana hao ndiye atakuwa anasaini oda za hoteli.

Na siku atakapopiga simu kuuliza kama zabibu za Septemba zimefika Briksi 22, mkulima awe na jibu, si la kukisia kwa macho, bali lililosomwa kwenye kifaa asubuhi ile na kuandikwa kwenye daftari. Bei nzuri huanza na swali kama hilo, na huenda kwa mwenye jibu.